Kazi ya kukata miti Kanada mwezi wa kwanza: buti gani halitelezi kwenye barafu?

Mkwezi wa Muyeye

Asalam aleikum wana jukwaa. Naomba jibu la mtu aliyefanya kazi kwenye baridi kweli, si la mtu aliyeiona baridi kwenye simu.

Mimi ni mkwezi. Naangua madafu, nakata makuti yaliyokauka, na mahoteli na majumba ya Wataliano hapa Malindi huniita kupunguza miembe na mivinje kabla ya masika. Kazi yote naifanya peku. Nikivaa kiatu mtini najiona kama nimefungwa macho, maana wayo ndio unaoniambia gome hili zima na hili limeoza. Mnazi uliota ukungu wa kijani siupandi mvua ikiwa mbichi, nangoja jua liukaushe. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya usalama, na nimeyapata kwa babu.

Sasa nimepata mkataba na kampuni ya miti karibu na Ottawa. Naanza mwezi wa kwanza, katikati ya baridi yao. Barua inasema kofia, mkanda na kamba watanipa, lakini mabuti ya usalama yasiyoteleza niende nayo. Nikashuka Mombasa nikanunua mabuti meusi, mazito, yenye chuma mbele. Ndani ya ulimi pameandikwa S3 SRC. Muuzaji akaniapia kwamba SRC maana yake halitelezi popote duniani, barafu ikiwemo. Na bei aliyonichaji ni ile ya mtu aliyeshajua kuwa mteja ana safari.

Ninayotaka kujua: mabuti haya yatanifaa? Kule mtu anapanda mti ulioganda akiwa amevaa nini? Na hivi vyuma vyenye meno vya kuvisha juu ya kiatu ni vya kweli au ni vya watalii? Mamangu keshaanza kusema nibaki.

Pweza wa Gatini

Nenda na nyayo zako hizo hizo. Ngozi ya mkwezi haipenyi msumari.

Utani huo. Lakini mie nilishuka ngazi za gati hapa Lamu maji yamekupwa, nikakanyaga zile za chini zilizoota kijani, nikafika mashuani kabla ya mzigo wangu. Kama barafu yashinda ile, msikilize mamako.

Ami wa Mambrui

Waaleikum salaam mwanangu. Kazi hiyo hiyo nimeifanya Ontario, jimbo lenye hiyo Ottawa yako, misimu mingi ya baridi, sasa nimerudi nyumbani Mambrui, nafuga mbuzi na kugombana na tumbili juu ya maembe yangu. Nitaandika kirefu. Asiyetaka kusoma apite.

Nianze na huyo muuzaji wa Mombasa. Alama ni ya kweli, ila maana aliyokupa ameitunga mwenyewe. SRC ni jaribio la maabara. Soli inaburutwa juu ya vigae vya kauri vilivyomwagiwa maji ya sabuni, kisha juu ya bamba la chuma lililopakwa gliserini. Ikishika kote kuwili inapewa SRC. Barafu haimo. Kiwango chenyewe cha viatu vya usalama, EN ISO 20345, kilipoandikwa upya mwaka 2022 kikaziacha hizo SRA, SRB na SRC, kikabakisha SR peke yake, na bado jaribio ni la vigae. Kwa hiyo ulichonunua ni buti zuri la jikoni la hoteli au la gereji. Huko litakutunza vizuri.

Halafu kuna jambo la getini. S3 ni alama ya Ulaya ya daraja la buti la usalama. Kanada msimamizi atainama atafute alama ya CSA, shirika lao la viwango. Pembetatu ya kijani ina maana kinga ya vidole ni ya daraja la kwanza na soli ina bamba la kuzuia msumari. Lakini wewe utashika msumeno wa mnyororo, kwa hiyo unachokitaka hasa ni kibandiko cheupe chenye mchoro wa mti wa kijani, ule mti wao wa msunobari. Hicho ndicho kinachosema buti lina matabaka ya kuukinga mguu na mnyororo. Usipokiona kibandiko hicho, usiweke pesa.

Tuje kwenye barafu yenyewe. Watu wa huku tunadhani baridi ikizidi ndipo utelezi unapozidi. Sivyo. Barafu inateleza zaidi ikikaribia sifuri, kwa sababu juu yake panakuwa na maji, na mpira wa soli unaelea juu ya yale maji. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri inakuwa kavu, na buti lenye mpira mzuri linashika kiasi cha kutembea na mzigo. Siku ya kuogopa ni siku yenye uvuguvugu: theluji imeyeyuka mchana, usiku ikaganda ikawa laini kabisa, asubuhi jua likapiga, juu kukalowa. Wenyeji wanafurahi hali ya hewa nzuri, wewe unahesabu hatua.

Soli ina mambo mawili, mpira na meno. Muuzaji atakuonyesha meno kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Meno marefu ni ya theluji na matope. Kwenye barafu laini hayana pa kuuma, kinachoshika pale ni mpira wenyewe kugusa kwa eneo kubwa, nao hauwezi kugusa kama umekakamaa. PVC hukakamaa kwenye baridi. Mpira mgumu wa bei rahisi vilevile. Sasa huhitaji kusafiri ili kulijua hilo: lifunge buti kwenye mfuko, litie ndani ya friza usiku kucha. Friza ya nyumbani ikifanya kazi sawasawa inakaa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na hiyo ni baridi ya kawaida ya usiku wa Januari Ottawa. Asubuhi litoe, ubonyeze meno ya soli kwa kidole gumba hapo hapo, kabla halijapata joto. Likibonyea, zungumza nalo. Lisipobonyea, hakuna herufi itakayolisaidia.

Toronto kuna maabara ya taasisi ya tiba ya viungo inayopima mabuti juu ya barafu ya kweli. Wana chumba cha baridi ambacho sakafu yake ni barafu, na chumba kizima kinainamishwa huku mtu amevaa buti, amefungwa mikanda asianguke, anatembea kupanda na kushuka. Buti likishika mpaka mwinamo wa nyuzi 7 linapewa chembe moja ya theluji, nyuzi 11 mbili, nyuzi 15 tatu. Matokeo ya mwanzo yalipotangazwa mwaka 2016, mabuti mengi mno hayakupata hata chembe moja, na mengine yalikuwa yanauzwa kama mabuti ya baridi. Matokeo wanayaweka kwenye mtandao bure. Yaliyofaulu mengi yana soli iliyochanganywa na nyuzi za kioo au chembe ngumu ndani ya mpira. Angalia orodha yao kabla ya kuangalia tangazo la duka.

Vile vyuma vya kuvisha ni vya kweli. Ni raba inayonyooka, chini ina minyororo na meno mafupi, unaivuta juu ya buti. Kazi ya chini, kuburuta matawi mpaka kwenye mashine ya kuyasaga, huwezi kuimaliza bila hivyo siku ya barafu. Lakini sikiliza hapa, maana hapa ndipo wageni wanapoumia. Meno ya chuma yanauma barafu. Hayaumi chuma. Ngazi ya lori ni chuma. Sakafu ya ndoo ya gari la kunyanyua watu ni chuma au plastiki ngumu. Kijana mmoja wa kikosi chetu alitembea juu ya barafu siku nzima bila shida, jioni akapanda lori navyo miguuni, mguu ukatoka kwenye kipandio, akaanguka na mkono chini, kifundo kikavunjika. Unavivaa unapoingia barafuni, unavivua kabla hujakanyaga chuma, hata kama umechoka na vidole vimekufa ganzi. Nunua vyenye raba pana, ile nyembamba inakatika kwenye baridi.

Mtini sasa. Hapa una elimu nyingi, na kuna kidogo cha kuacha.

Umewaona mafundi wa stima wakipanda nguzo za mbao na vyuma vilivyofungwa miguuni, mwiba mmoja upande wa ndani wa kila mguu? Wakata miti wanavyo vya namna hiyo. Ila ni kwa mti unaoondolewa. Mti unaobaki hai, unaokatwa matawi tu, hawaupandi na miiba, maana kila tundu ni jeraha na mlango wa maradhi. Wanaupanda kwa kamba. Mkwezi atacheka, kwa kuwa sisi tunachonga vipandio kwenye mnazi tangu enzi. Basi kaangalie vipandio alivyochonga babu yako: bado viko, vimekauka tu. Mnazi hauna lile tabaka chini ya gome la kufunika kidonda. Miti yao ya mepo na mialoni inalo, inajifunika taratibu, ila inalipia.

Miiba ikivaliwa kwenye mti ulioganda, mbao inakuwa ngumu na ncha inaingia kidogo. Ncha butu haiingii kabisa, inateleza na gome. Kwa hiyo tupa ya kunolea ikae mfukoni. Na mwili ukae vingine: ukwezi wa mnazi unatufunza kuukumbatia mti, kifua karibu. Na miiba ukikumbatia, magoti yanagusa shina, miguu inasimama wima, miiba inachomoka yote miwili kwa pamoja. Inabidi uegemee nyuma kwenye mkanda, magoti yakae mbali na shina, ili ncha ziingie kwa mshazari. Wiki za mwanzo mgongo wako utakataa.

Na buti la kuvalia miiba si la kutembelea tu. Unasimama juu ya chuma chembamba kilichopita chini ya unyayo saa nzima. Soli ikiwa laini upande wa katikati, utashuka unalia. Linatakiwa lenye bamba gumu katikati na kisigino kilichokatwa wima, ili chuma kikae mbele ya kisigino kisiteleze nyuma. Soli bapa isiyo na kisigino, ile ya kiraba, hapana.

Kuhusu kuona kwa nyayo, hutaona. Buti la msumeno lina matabaka, soksi ni nene, na vidole havina habari. Kazi ile ya wayo itaifanya kamba. Unapokata na msumeno huko juu unafungwa kwa vitu viwili, kamba ya kupandia na mkanda wa kuzungusha shina, ili kimoja kikikatwa kwa bahati mbaya kingine kibaki. Halafu kamba iliyolowa huganda, na fundo lile la kuteleza na kushika linaweza kukataa kushika. Lijaribu uko chini, kila unapopanda, uzito wako wote.

La mwisho kwa leo. Kuna mvua yao inayoanguka maji na kuganda ikigusa kitu. Januari 1998 ilinyesha siku kadhaa Quebec na mashariki mwa Ontario, ikaangusha miti na nguzo za umeme, mamilioni ya watu wakakaa gizani. Toronto iliwapata Desemba 2013. Baada ya mvua kama hiyo simu za kampuni ya miti hazinyamazi, na bosi atatamani mtu apande. Tawi limevishwa barafu pande zote, uzito umezidi mara nyingi, na mbao iliyoganda haipindi, inakatika ghafla. Hapo usiulize kiatu. Hapo ni gari la ndoo, au kusubiri. Wewe mwenyewe umesema mnazi wenye ukungu unaungojea jua. Sema hivyo hivyo kwa Kiingereza.

Mama Stoo ya Samaki

Mimi sijafika Kanada wala sina haja. Ila barafu naijua, nimeuza samaki Malindi tangu binti yangu wa kwanza hajazaliwa, na sakafu ya stoo yangu ina barafu iliyosagwa kuanzia mashua zinaporudi mpaka lori la Mombasa liondoke.

Ami amesema kweli juu ya maji. Barafu ikitoka mashine bado kavu, vijana wanaipita. Ikianza kuyeyuka na ile damu na mafuta ya samaki, hapo ndipo makreti yanapoanguka. Hapa tunavaa gambuti nyeupe za viwanda vya chakula, zile ambazo mpira wake haulegezwi na mafuta. Gambuti nyeusi za shambani zilivimba soli zikawa hazina meno, nikazikataza.

Lakini kinachotuokoa si gambuti, mwanangu, ni ufagio. Barafu iliyo njiani haikanyagwi, inafagiliwa na kusukumwa kwenye mfereji, na pa kupita tumelaza mbao. Mfanyakazi mgeni huwa anajaribu kuonyesha kuwa anaweza kutembea juu yake. Namwambia haya, na bili ya hospitali utalipa wewe.

Hayo mabuti yako ya Mombasa yalete stoo mchana, saa ambayo barafu inayeyuka. Utembee humo bila mzigo, ushike ukuta. Ni bure.

Ami wa Mambrui

Mama amenishinda kwa maneno machache. Nenda kwake, kijana. Friza itakuonyesha baridi kavu, na stoo itakuonyesha barafu yenye maji, na hizo ndizo siku mbili utakazozikuta kule.

Habari ya ufagio ni hiyo hiyo. Tukifika kwa mteja, kitu cha kwanza si msumeno, ni kutengeneza njia: kutoka lori mpaka mti, kutoka mti mpaka mashine. Chumvi wanamwaga, ila baridi ikipita kama nyuzi 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida inakuwa mvivu, basi wanatumia mchanga. Hakuna mchanga? Mashine ya kusaga matawi inatoa chenga za mbao. Mwaga hizo kwenye njia. Na mahali atakaposimama mwenye kukata shina pasafishwe mpaka udongo uonekane, pamoja na njia yake ya kukimbilia mti ukianza kwenda. Mtu akiteleza hapo ameshika msumeno unaozunguka, hakuna buti litakalotosha.

Fundi Akala, Langoni

Ami shikamoo. Mie nashona akala hapa Lamu, Langoni. Swali langu ni la kifundi. Tairi la gari linashika lami yenye mvua kwa mwendo wa kasi. Kwa nini soli ya tairi isishike barafu? Na tukipiga skrubu fupi kutoka chini, vichwa vikabaki nje, si tumepata meno kwa bei ya kikombe cha chai? Wateja wangu wanaosafiri wananiuliza, wako wanaokwenda hadi Uswidi.

Ami wa Mambrui

Marahaba fundi. Tairi la huku limechanganywa mpira wa kustahimili lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7, bado hata barafu haijafika, mpira huo unaanza kukakamaa. Ndiyo maana kule wana matairi ya baridi, ya mpira mwingine laini zaidi. Quebec ni sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi magari ya watu lazima yawe nayo. Ukipata tairi la namna hiyo lililochakaa, ushone akala, mimi nitanunua jozi kwa kujivunia tu. Lakini tairi la matatu ya Lamu mpaka Mombasa, hapana. Mteja wa Uswidi mwambie akala ni za nyumbani.

Skrubu watu wanapiga, nimeziona, tena kwenye mabuti ya zamani yenye meno mazito. Zinafaa kutoka nje kuchukua kuni au kutupa takataka. Kazini hapana. Skrubu ikizidi kina kidogo inafika kwenye bamba la soli au kwenye unyayo, na chuma kinaivuta baridi ndani moja kwa moja. Isipofika kina inachomoka ukiwa katikati ya barafu na mzigo begani. Na buti la usalama ukishalitoboa halihesabiki tena. Watu wa misitu kule British Columbia wanaotembea juu ya magogo wana mabuti ya kiwandani yenye misumari ya kufungwa kwa spana, soli imetengenezwa tangu mwanzo kuibeba. Hayo ni kwa gogo na gome, si kwa lami na sakafu za watu, utafukuzwa na mwenye nyumba.

Mkwezi wa Muyeye

Nimerudi na majibu.

Friza: niliomba kwa jirani anayeuza barafu za watoto. Nililiacha buti la kulia mle usiku. Asubuhi nikabonyeza meno kwa gumba, kisha kwa magumba mawili, kisha nikagonga na funguo. Kifuu kitupu. Jirani akacheka mpaka akaniita na wanawe waje kusikia.

Stoo: Mama alinipokea vizuri, Mungu amjalie. Barafu ilikuwa imesagika, ndogo kama nafaka, na chini yake maji ya rangi ya waridi yanatembea kuelekea mfereji. Hatua za kwanza nikajiona niko sawa. Halafu nilipotaka kugeuka, kisigino cha mguu wa mbele kikaondoka peke yake. Si kidole, ni kisigino, pale kinapotua kabla ya wayo mwingine haujafika. Niliukamata mlango. Vijana wakasema karibu. Kisha wakanipa gambuti yao nyeupe nijaribu, nayo iliteleza kidogo, lakini ilitoa habari kwanza, ikaburuta kisha ikasimama. Buti langu halikutoa habari. Mmoja akanifunza kutembea: hatua fupi, wayo mzima chini kwa pamoja, kiwiliwili juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Nilipofanya hivyo hata lile la Mombasa lilipunguza ujeuri.

Basi nimekubali, sisafiri nalo. Maswali yaliyobaki ni mawili. Ninunue Nairobi au nifike kwanza? Na soksi: binamu yangu wa Dubai ananiambia nivae jozi tatu.

Ami wa Mambrui

Umeona vizuri hilo la kisigino. Wengi huteleza hapo.

Binamu wa Dubai mwache na Dubai yake. Jozi tatu ndani ya buti lililokaza zinabana mguu, damu haifiki vidoleni, na mguu unaganda ukiwa umevaa nguo nyingi. Soksi moja nene ya sufu, au nyembamba chini na ya sufu juu, na vidole vibaki na nafasi ya kucheza. Pamba hapana, ikinyonya jasho inabaki na maji. Utatoka jasho, nakuambia, mtu wa kuburuta matawi hutoka jasho hata theluji ikianguka. Beba jozi kavu, badilisha saa ya chakula. Jioni buti lianikwe mahali pa vuguvugu, lisiwekwe juu ya hita, ngozi inapasuka. Chumvi ya barabarani nayo hula ngozi, ifute na kuipaka mafuta ya viatu.

Kununua: nunua kule. Pima jioni mguu ukiwa umevimba, umevaa soksi utakayofanyia kazi. Ukipata lenye kinga ya vidole ya plastiki ngumu badala ya chuma, chukua hilo, wengi husema chuma mbele ya vidole kinaleta baridi ndani. Lakini kabla hujapanda ndege waandikie kampuni kwa barua pepe: mabuti ya CSA yenye kinga ya msumeno, nani analipa, na yapatikane kabla ya siku ya kwanza ya kazi au la. Wakijibu kwamba watakukata kwenye mshahara, waambie waandike ni kiasi gani kwa mwezi. Kuna kampuni moja, sitaitaja, iliyotukata msimu mzima kwa buti moja. Barua pepe uitunze, usifute.

Na vyuma vya kuvisha nunua jozi mbili. Moja itapotea kwenye theluji, haipatikani mpaka mwezi wa nne.

Pweza wa Gatini

Mwezi wa nne! Huku ni masika, huko ndio wanaokota viatu.

Mkwezi wa Muyeye

Ahsante Ami, ahsante Mama. Barua pepe nimeshaituma, nimeambiwa nisubiri mtu wa vifaa arudi Jumatatu. Mamangu nimemsomea sehemu ya mkanda na kamba mbili, akauliza kwa nini babu hakuwa nazo, kisha akasema nitafute za kuja nazo nikirudi.

Wakati huo huo: nauza mabuti, namba 43, S3 SRC, chuma mbele, hayana kasoro. Yanafaa jikoni, gereji, saiti. La kulia limelala friza, yote mawili yananuka changu kidogo. Mwenye kazi ya hoteli aniandikie inboksi, niko Muyeye, bei tutaelewana.